Kina cha Bandari ya Saba

Baba yangu alikuwa mtu wa kupima. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kila mwaka bahari inapotulia alipanda gari na kuzunguka bandari ndogo kumi na moja za mkoa wa kaskazini, akikagua kila kitu ambacho nahodha angependa kukijua kabla hajaingia. Maji ya kunywa yapo? Dizeli inapatikana siku gani? Bafu lina maji ya moto? Taa ya mlangoni inawaka? Na kubwa kuliko yote, maji yakipwa kina kinabaki mita ngapi? Majibu aliyaandika, na idara ikayachapa katika kijitabu chembamba chenye jalada la nailoni, Mwongozo wa Bandari Ndogo, kilichogawiwa kila chombo. Nahodha mmoja aliwahi kuniambia kwamba yeye mkewe anamwamini nusu tu, ila kitabu cha Mzee Bildi hukiamini chote, na mke mwenyewe anajua.

Mzee Bildi ndilo jina walilompa bandarini, kwa sababu ya bildi yake, kile kipande kizito cha risasi kinachofungwa kwenye kamba na kushushwa majini kupima kina. Alikuwa nayo moja tu tangu ujana wake. Kamba ilibadilishwa mara nyingi, risasi haikubadilishwa.

Mimi ni mtoto wake wa pekee, mwalimu wa hesabu. Sitadanganya, kitabu kile nilikuwa nakionea wivu tangu utoto. Kila likizo kubwa wenzangu walikaa na baba zao, mimi wangu alikuwa akihesabu matundu ya vyoo vya mabaharia. Mama alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, nilidhani ataacha safari zile. Hakuacha. Nikaliweka moyoni.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba imeshakula pembeni kote. Alibaki anaona katikati tu, na hapo katikati napo kwa ukungu, kama mtu anayechungulia dunia kupitia kipande cha bomba. Leseni ya kuendesha gari ikachukuliwa. Wiki ile ile akanipigia simu.

"Shule zinafungwa lini?" akauliza.

"Ijumaa, Baba. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Baba yangu hajui kuomba. Anajua kuuliza tarehe.

"Nitakuja Jumamosi asubuhi," nikasema. "Gari lina mafuta?"

"Lilijazwa jana," akajibu, na nikamsikia akivuta kiti na kukaa.

*

Tulikuwa na siku kumi na sita kwa bandari kumi na moja. Gari lilikuwa pikapu kuukuu yenye harufu ya kamba mbichi. Mimi niliendesha, nikasoma mbao za matangazo, nikaandika. Yeye alifanya yaliyobaki, na siku mbili za kwanza zilitosha kunifunza kwamba sikuwahi kumjua mtu huyu akiwa kazini.

Bomba la maji hakuliangalia, alilionja. Alifungua, akaacha maji yatiririke huku akihesabu hadi ishirini, akakinga kiganja, akanywa funda moja, akasema "chumvi kidogo" au "tangi halijaoshwa." Kisha aliweka ndoo chini yake na kuhesabu tena mpaka ijae, ili nahodha ajue itamchukua muda gani kujaza tangi lake. Mpira wa maji aliupapasa wote, kutoka mdomo hadi mdomo, akitafuta nyufa. Nguzo za kufungia kamba alizipiga teke, moja moja. Bafuni alijifungia ndani kwanza.

"Bafu lisilo na komeo si bafu," aliniambia kwenye bandari ya pili, akiwa ndani. "Ni jukwaa."

Na kina alikipima kwa vidole. Kwenye kamba yake kila mita ilikuwa na alama: mita ya kwanza fundo, ya pili kipande cha ngozi, ya tatu kitambaa, ya nne ngozi mbili. Alishusha bildi, akangoja iguse chini, akapitisha vidole kwenye kamba pale ilipokutana na maji, akatamka namba. Mimi nililala kifudifudi ukingoni mwa gati kuhakikisha kwa macho. Sikumkuta na kosa hata mara moja. Mara ya tano nikaacha kuhakikisha, na nadhani alijua, kwa sababu alianza kupiga mluzi.

Pale palipohitaji macho ndipo alipojificha. Kwenye bandari ya nne alisimama mbele ya ubao wa saa za dizeli akitikisa kichwa kama anayesoma, kumbe ubao ulikuwa umeshang'olewa, imebaki misumari tu. Nilikwenda kumuuliza mwenye pampu, nikarudi nikaandika.

Jioni ya siku ya nane, tukiwa kwenye nyumba ya wageni ya bandari ya sita, nilikuwa nikisoma toleo la mwaka uliopita ili kujiandaa. Maandishi ya Baba yalikuwa makavu kama biskuti ya jeshi. "Maji: yapo. Dizeli: siku za kazi. Choo: kimoja, kibovu." Hivyo hivyo ukurasa hadi ukurasa. Nilipofika bandari ya saba nikasimama.

"Baba, sikiliza hapa. 'Kufua: hodari kabisa. Mashuka hurudi yakiwa na harufu ya upepo. Bafu tatu, maji ya moto sana, makomeo imara. Muulize Mama Mvuke, usimharakishe.'"

"Ndiyo," akasema.

"'Usimharakishe' ni huduma ya bandari?"

"Ni taarifa muhimu kwa nahodha."

"Na harufu ya upepo unaipimaje?"

Baba akageuka ukutani akavuta blanketi. "Lala, mwanangu. Kesho maji yanapwa mapema."

Asubuhi nilimkuta amenyoa ndevu. Kwa siku nane hakugusa wembe. Alikuwa amejikata chini ya sikio, na kile kipande cha karatasi alichobandika kuzuia damu hakukiona alipotoka nacho. Nilikibandua polepole mlangoni, naye akasimama wima kama mtoto anayefungwa vifungo vya sare.

*

Bandari ya saba ni gati moja refu la zege, ghala la barafu, pampu ya dizeli na nyumba ndefu ya matofali yenye bomba la moshi. Nyumba hiyo ndiyo ilikuwa dobi, mahali pa kufulia, na bafu. Mvuke ulitoka madirishani mchana kutwa, na ndani yake kulikuwa na mwanamke mrefu, mikono ya nguo imekunjwa hadi viwikoni, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Aliichukua kazi ile miaka kumi nyuma kutoka kwa mjomba wake. Mabaharia walimwita Mama Mvuke, na walimwogopa kidogo, kwa sababu alikuwa na desturi ya kumrudishia mtu soksi iliyotoboka huku akimtazama tu.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu." Alinishika mkono, wake ukiwa wa moto na umelowa. "Nakujua. Nakujua tangu ulipofaulu mtihani, na ulipovunjika mguu, na ulipokataa kuolewa na yule wa benki."

Nikamtazama Baba. Baba alikuwa akichunguza mlango, ambao hakuuona.

"Karibu, Bwana Vipimo," Mama Mvuke akamwambia. "Maji yanapwa saa nne na nusu. Unayo nafasi ya chai."

Chai ya Baba ililetwa bila sukari, na hakuulizwa. Alipoelekea kwenye kiti, palikuwa na ndoo njiani. Mama Mvuke aliisogeza kwa mguu bila kuinama na bila kukatiza maneno yake, akiendelea kunieleza habari za boila lake la pili la kuchemshia maji. Baba akapita, akakaa. Nilimwona yule mama anavyotazama miguu ya baba yangu mpaka ilipotulia, na moyo wangu ukafanya kitu ambacho sikukitarajia. Haukukasirika.

Saa nne na nusu tukaenda kupima.

Bandari ile hupimwa mahali sita kando ya gati, na pa saba mlangoni mwa bandari, kwa mtumbwi. Kitabu cha mwaka uliopita kilisema mita mbili na robo tatu. Baba akashusha bildi mahali pa kwanza, akapitisha vidole. Akaivuta, akaishusha tena hatua mbili mbele.

"Andika mbili," akasema.

Mahali pa pili ilikuwa mbili kasoro. Pa tatu, moja na robo tatu. Kufikia mwisho wa gati hakuwa akipiga mluzi tena. Mlangoni, mtumbwi ukiwa umetulia kabisa, nilimwona akigusa kamba, akagusa tena, akapandisha vidole kutafuta ile ngozi ya mita ya pili, akaikuta iko hewani, mbali na maji.

"Moja na nusu," akasema.

Tukapima zote upya. Kisha akasema turudie mara ya tatu. Tulipomaliza ndipo maji yalipoanza kujaa, na namba hazikuwa zimebadilika. Dhoruba ya masika ilikuwa imesukuma fungu la mchanga likaziba mlango, na mkondo ukazidi kuujaza tope hadi ndani.

Baba akakaa juu ya nguzo ya kufungia kamba, bildi mapajani.

"Boti za chuma matumbo yake yanashuka mita mbili majini," akasema. "Wakisoma moja na nusu hawaingii. Na boti za chuma ndizo zenye watu kumi na wanane, wenye mashuka kumi na manane, na wanaotaka kuoga." Akaipapasa ile risasi. "Boti ndogo wanalala kwao. Wanafuliwa na wake zao."

Mimi, mwalimu wa hesabu, ambaye huwafokea watoto wakibadilisha namba ili jibu litoke, nikafungua mdomo nikasema: "Huwezi kuandika tu kwamba kina hubadilika, waulize kabla ya kuingia?"

Hakunikemea.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," akasema, "baharia wa kawaida. Zamani kitabu hiki kilikuwa kinaandikwa na mtu ofisini, anauliza kwa simu. Kiliandika mita nne. Nahodha wetu akaingia kwa mita nne, na zilikuwa mbili. Chombo kikalala ubavu. Mpishi alikuwa chini anakanda unga. Tulimtoa asubuhi, na unga bado uko mikononi." Akafuta risasi kwa kiganja kana kwamba ina vumbi. "Ndiyo maana kazi hii ilipopatikana, miaka mingi baadaye, niliiomba. Watu hawaulizi, mama. Wanasoma na kuingia."

Aliponiita mama nilijua amechoka. Nilikaa chini kando ya nguzo, mgongo wangu ukigusa goti lake, tukatazama maji yakipanda.

*

Hakwenda kumwambia. Alikwenda bafuni akasema bomba la chumba cha tatu linavuja, akaomba spana, akajifungia na komeo imara. Bomba halikuwa likivuja. Nilimsikia akilifungua na kulifunga.

Mimi nikaingia dobi. Mama Mvuke alikuwa peke yake na lundo la mashuka yaliyokauka. Akanipa ncha mbili za shuka, tukaanza kukunja: kuvuta, kukutanisha, kusogeleana, kupokea.

"Amepima mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara tatu."

"Basi ni mbaya. Kukiwa kuzuri anapima mara moja, anakuja kunywa chai ya pili." Akalaza shuka mezani, akachukua jingine. "Usihangaike kunitafutia maneno. Mimi dirisha langu linatazama gati. Nawaona wanavyongoja maji yajae ndipo wathubutu. Mwezi uliopita boti iligusa, wakaisukuma kwa miti, na nahodha akaja hapa kuchukua nguo zake anacheka, ananisifu, kama watu wanavyomsifu mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake."

"Anaogopa kukuumiza," nikasema.

"Najua anachoogopa." Akajifuta mikono kwenye aproni, polepole, kila kidole. "Wewe maliza hayo mawili. Ukishindwa kona, acha, nitazirudia."

Akaenda kugonga mlango wa bafu la tatu. Sikuwa na nia ya kusikiliza, lakini ukuta ule ni wa mbao, na kukunja shuka peke yako hakuna kelele.

"Fungua, Bwana Vipimo. Hilo bomba ni jipya."

Komeo likalia.

"Ni ngapi?" akauliza.

"Mlangoni moja na nusu."

"Umeandika?"

"Binti ameandika kwenye daftari. Kitabuni bado."

"Kaandike."

Tone la maji likaanguka mahali fulani. Nadhani sasa bomba lilikuwa limeanza kuvuja kweli kwa kuchezewa.

"Miaka kumi nimekuandika," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua. "Kila mwaka naongeza neno moja zuri. Sasa niandike kwamba wasije?"

"Uandike ulichopima. Mtu akizama kwa ajili ya mashuka yangu nitafua nini tena hapa? Nitafua kwa uso gani?" Kisha akapunguza sauti, lakini ukuta ni ukuta. "Na mimi hayo maneno mazuri nilikuwa nayasoma, bwana, nisikudanganye. Lakini si kitabu nilichokuwa nakingoja kila mwaka."

Mtu wa kupima akipewa kitu kisicho na alama, anahitaji muda.

"Mwaka ujao sitakuja," akasema hatimaye. "Macho. Yamekwisha kabisa pembeni, na katikati yanafuata."

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mwaka jana ulipoingia uliliamkia koti langu lililotundikwa mlangoni. Ukaliuliza hali."

Nikaziba mdomo kwa shuka. Upande wa pili nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama yangu alipokuwa hai: Baba akicheka kwa tumbo, pumzi ikimkatika, akijaribu kusema kitu na kushindwa.

"Na halikunijibu," akasema. "Nilidhani umekasirika. Nikawaza njia nzima, nimemkosea nini."

"Njia nzima?"

"Bandari nne."

Walipotoka, macho ya wote wawili yalikuwa yamelowa, na kila mmoja alisingizia mvuke. Mama Mvuke akamwongoza hadi mezani kwa kumgusa kiwiko tu, akampa ncha mbili za shuka nililoshindwa kona zake.

"Kukunja kunahitaji macho?" akamuuliza.

"Sijui. Sijawahi."

"Jaribu."

Vidole vyake vikaenda kwenye pindo, vikatambaa mpaka kona, vikaishika. Mama Mvuke akarudi nyuma hatua tatu, akavuta. Baba akavuta. Wakasogeleana, akampa kona zake, akapokea mkunjo, na lile shuka likatoka limenyooka kuliko langu lolote. Nikasema naenda kuangalia maji ya rejeta ya gari. Rejeta ilikuwa sawa.

*

Jioni hiyo alinitajia maneno nami nikayaandika kwa kalamu ya wino, kama alivyotaka. "Kina: mita moja na nusu mlangoni maji yakipwa. Fungu jipya la mchanga. Vyombo vyenye tumbo linaloshuka zaidi ya mita moja visiingie."

Lakini mimi sikulala vizuri, na alfajiri nilikuwa na swali. Mwanafunzi mmoja mkorofi aliwahi kuniuliza kwa nini lazima mtu avuke mto kwenye hesabu zetu zote, hawezi kuzunguka kwa barabara? Nikamwamsha Baba.

"Bandari ya sita ina kina gani?"

"Mita nne na nusu."

"Na kufua?"

"Hakuna. Wala komeo."

"Kwa gari kutoka sita hadi saba tulitumia dakika arobaini, na barabara ni lami. Je, si kweli nikiandika kwenye ukurasa wa sita, 'Kufua: hakuna, dobi iliyo karibu iko bandari ya saba, dakika arobaini kwa barabara'?"

Alikaa kitandani, akalipitisha lile wazo kwenye vidole kama kamba yake, alama kwa alama, akitafuta uongo ndani yake.

"Ni kweli," akasema. "Andika." Kisha akaongeza, "Mwendo uliupima kwa saa au umekisia?"

"Kwa saa, Baba."

"Vizuri."

Tulimaliza bandari nne zilizobaki. Kitabu kikachapwa. Nisiseme kwamba mambo yalinyooka, kwa sababu hayakunyooka. Boti za chuma ziliacha kuingia bandari ya saba kama alivyojua, na boila la pili likazimwa. Ghala la barafu likafungwa. Lakini wiki ya tatu pikapu ya samaki kutoka bandari ya sita ilileta magunia mawili ya nguo, na wiki iliyofuata matano, na pamoja na magunia wakaja mabaharia saba wamepanda nyuma, kila mmoja na taulo begani, wametumwa na harufu ya miili yao wenyewe. Ikawa kila Jumatano na Jumamosi. Nusu ya kazi ya zamani, Mama Mvuke alinipigia kuniambia, labda na kidogo juu yake. Inatosha mtu mmoja na msaidizi.

Msaidizi mwenyewe bado alikuwa akimngoja aje. Hilo hakulisema.

Baba alikuja kwangu mwezi wa nne baada ya safari, kwa basi, akisaidiwa kushuka na abiria mwenzake. Akakaa sebuleni, kofia magotini, akaniuliza nyumba yangu ya kupanga mkataba unaisha lini. Nikajua kuna jambo.

"Unataka kuhamia kule," nikasema.

"Nataka kukuuliza kwanza. Mama yako..." Akaishika kofia pindo, akaizungusha. "Sikumsahau mama yako hata siku moja. Niliendelea kutoka kila mwaka kwa sababu nyumba ile bila yeye ilikuwa haina kina, nilikuwa naelea tu. Nilikuacha na wewe unaelea. Hilo nalijua. Nimelijua siku zote."

Miaka kumi na miwili nilikuwa nimeyaandaa maneno ya siku hiyo, marefu, yenye hoja. Yote yaliniishia. Nilikwenda chumbani nikatafuta sweta zito, kwa sababu upepo wa bandarini ni mkali, nikarudi nikamvalisha juu ya shati lake.

"Kule kuna baridi," nikasema. Yeye akaushika mkono wangu ukiwa bado kwenye kola, akaupapasa kidole kwa kidole, na tukabaki hivyo mpaka chai ikapoa.

Shangazi ndiye aliyefanya ghasia. Alinipigia simu mara nne siku moja. "Mzee wa miaka sitini na nane anakwenda kuwafulia mabaharia? Watu watasemaje?" Nikamwambia hafui, anakunja. "Anakunja nini?" Mashuka, Shangazi. Hapo akauliza kama yule mama anapokea na mapazia, maana yake yanahitaji mtu makini.

Walifunga ndoa ofisini, siku ya kazi, mashahidi wakiwa mimi na mwenye pampu ya dizeli. Idara ilimwajiri mwingine kwa kitabu, kijana mwenye mashine ya umeme inayopima kina kwa sauti, na alimpigia Baba mara mbili kuuliza mambo ambayo mashine haikuyajua.

Mimi sasa huenda kila likizo. Mara ya mwisho niliyofika, uoni wa Baba ulikuwa umebaki mwanga na giza tu. Mama Mvuke, ambaye sasa namwita Mama bila kujikwaa, alikuwa na tatizo lake: kutoka nyumba wanayolala hadi dobi ni hatua sitini, kukiwa na ngazi mbili na mfereji, na mume wake hataki fimbo wala kushikwa mkono. Alimfungia kamba ya kujiongozea, Baba akaikata kwa kisu. Alisema yeye si mbuzi.

Basi yule mama hakubishana. Alitundika kamba nyingine juu kidogo, usawa wa bega, kutoka mlango wa chumbani hadi mlango wa dobi, akaizungusha mfereji, na akaanika mashuka juu yake. Akalalamika mbele yake kwamba uani nafasi haitoshi, afanyeje.

Asubuhi nilisimama dirishani na kikombe changu. Jua lilikuwa limetoka. Baba alifungua mlango, akanyoosha mkono, ukakuta shuka la kwanza. Akalipapasa pindo kuona kama limekauka, akaguna, akapitisha mkono hadi la pili, akaguna tena. Hakuwa akitafuta njia, alikuwa akikagua kazi. Shuka kwa shuka alishuka ngazi, akauzunguka mfereji, akafika dobini, na ndani nikamsikia akisema kwamba la tano kutoka mwisho bado bichi.

"Nitaligeuza, Bwana Vipimo," Mama akajibu. "Njoo unywe chai."